Shampanye na Ndakala: Uainishaji wa Mapovu kati ya Dilolo na Kolwezi

Elimu ya vinywaji katika mkoa wa Lualaba bado ni changa. Bia imeshughulikiwa vya kutosha: watu wa Kolwezi wanaoweza kukutofautishia Simba na Tembo wakiwa wamefumba macho ni wengi, na wote wamefanya utafiti huo kwa gharama zao wenyewe, Jumamosi baada ya Jumamosi. Lutuku nayo ina wataalamu wake, ingawa baadhi yao hawako tena katika hali ya kuandika. Kilichosahauliwa ni kinywaji cha chupa nene yenye shingo ya karatasi ya dhahabu, kinachotoka Ufaransa au kinachodai kutoka huko, ambacho huonekana kwenye harusi na sherehe za kumaliza chuo, halafu hutoweka kabla mtu hajakionja. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo. Eneo la utafiti linaanzia stesheni ya Dilolo, mpakani na Angola, linafuata reli kupitia Kasaji na Mutshatsha, na kuishia kwenye kumbi za harusi za Kolwezi.

Kwanza suala la mbinu. Wafaransa huainisha divai zao za mapovu kwa mahali zilikotoka. Champagne ni ile tu ya eneo la Champagne, lenye miji ya Reims na Épernay, kwa sheria ya jina iliyowekwa mwaka 1936. Ya Alsace, ya Loire na ya Bourgogne, hata ikitengenezwa kwa njia ileile, huandikwa jina jingine, kama vile crémant. Mpango huo unafaa nchi yenye mahakimu wa kutosha. Kwetu chupa ikishakaa nusu saa ndani ya beseni la barafu, lebo hubanduka ikaelea juu ya maji peke yake, na ushahidi wote wa asili umepotea. Mtafiti wa Lualaba hana budi kuainisha kwa tabia: chupa inafanya nini, nani anaifungua, na mapovu yanaishia wapi.

Jamii ya kwanza, na ndiyo yenye watu wengi, ni shampanye ya mlio. Hii hainywewi. Kazi yake ni kutikiswa na kaka wa bwana harusi mbele ya kamera, kulipuka, na kumwagikia safu mbili za kwanza za wageni. Wapo wazee wanaodhani ni mila ya zamani, lakini si ya Walunda wala ya Wachokwe. Desturi ya kunyunyizia watu shampanye kwa furaha inahesabiwa kuanza Le Mans, Ufaransa, mwaka 1967, pale dereva wa Marekani Dan Gurney aliposhinda mbio za magari na kuwamwagia waliokuwa wamesimama chini ya jukwaa. Tangu siku hiyo hakuna suti iliyo salama.

Jamii hii ina fizikia yake. Chupa iliyohifadhiwa kwenye ubaridi wa pango ina mgandamizo wa gesi unaokaribia mara 6 ya ule wa hewa tunayovuta. Kolwezi iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 na ushee, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha asilimia 15, kwa hiyo kizibo hukutana na upinzani mdogo zaidi kinapotoka. Mkazi wa Kolwezi ana haki ya kujivunia kwamba kizibo chake kinaruka vizuri kuliko cha mtu wa Lobito, pwani ya Angola. Hata hivyo sifa kubwa ni ya joto. Chupa iliyosafiri ndani ya buti ya gari kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kwa saa nane za mchana, hufikia digrii 30 bila shida, na hapo mgandamizo hukaribia mara 10. Ukitikisa chombo cha namna hiyo chini ya taa za ukumbi, unachokifanya hakiitwi tena sherehe. Kinaitwa kazi ya mgodini, na kazi ya mgodini inahitaji kofia.

Jamii ya pili ni shampanye ya kabati. Ilitolewa kama zawadi na bosi aliyehamishwa, au iliachwa na mgeni, na tangu hapo imesimama juu ya kabati sebuleni kati ya picha ya kipaimara na maua ya plastiki. Hufutwa vumbi kila wiki. Mwenye nyumba anaamini kwamba inazidi kuwa bora kila mwaka. Sayansi inasikitika kumjulisha kwamba chupa ya kawaida ilishaiva kabla haijauzwa, na kwamba vitu viwili inavyovichukia ni joto na mwanga. Mwanga huharibu harufu yake hadi ikanuka kabichi iliyochemshwa, na chupa nyeupe huharibika haraka kuliko ya kijani. Roederer, waliomtengenezea mfalme Alexander II wa Urusi chupa ya kioo cheupe mwaka 1876, siku hizi huifunga chupa hiyo ndani ya karatasi ya manjano ili kuikinga. Juu ya kabati la Kolwezi hakuna karatasi ya manjano. Kuna dirisha.

Jamii ya tatu, ya walokole, ni juisi ya zabibu au ya tufaha yenye gesi, ndani ya chupa yenye shingo ya dhahabu kama zile nyingine. Ina mlio na ina povu, haina kosa. Hatuna la kuongeza.

Jamii ya nne inahitaji kukaliwa kitako, maana ndiyo iliyosababisha dharau kubwa katika fani hii. Ni shampanye ya sukari. Wajuzi wa Lubumbashi na wale waliowahi kukaa Brussels huicheka. Wanasema mtu wa Lualaba hajui kunywa, anataka tu kitu kitamu kama zile chupa za JC Le Roux zinazopanda kutoka Afrika Kusini. Kwenye arusi moja ya Kolwezi nilimwona mjomba wa bibi harusi, mzee wa heshima mwenye kofia, akipewa brut halisi ya Ufaransa. Alikunywa funda moja, akafumba jicho la kushoto, akaiweka gilasi mezani taratibu kama mtu anayerudisha deni la mwenzake. Kisha akamwita mhudumu: “Mama, iko muchungu hii. Letea na Fanta.” Akamimina Fanta ya machungwa hadi robo ya gilasi, akaonja tena, na safari hii jicho lilibaki wazi.

Meza yetu ilicheka, na meza yetu ndiyo iliyokuwa ya wajinga. Katika karne ya 19 shampanye ilikuwa kinywaji cha sukari, tena sukari ya kufuru. Soko la Urusi, ambako mjane Clicquot alikimbiza shehena yake mwaka 1814 mara tu vita vya Napoleon vilipolegea, lilitaka chupa zenye zaidi ya gramu 200 za sukari kwa lita. Ni Waingereza waliopenda kavu, na brut inayosifiwa leo ilipata jina kubwa baada ya mwaka 1874, pale Louise Pommery wa Reims alipowauzia ile aliyoipunguzia sukari. Kwa hiyo mjomba wetu hakuwa mshamba. Alikuwa Mrusi wa enzi za wafalme, na kwa chupa moja ya Fanta alirekebisha kosa lililoingizwa na Waingereza. Lebo za siku hizi bado zina kumbukumbu ya ugomvi huo: brut haifikishi gramu 12 za sukari kwa lita, sec ina kati ya 17 na 32, demi-sec kati ya 32 na 50, na doux inapita 50. Mwenye ulimi wa mjomba aombe demi-sec waziwazi, aache kuitesa brut.

Jamii ya tano ni ile inayonywewa. Ni nadra, huonekana zaidi kwenye hoteli ambako wahandisi wa migodi hulala, na mara chache kwenye nyumba za watu wanaopenda kujua. Hii ndiyo ya njia ya asili: mapovu yake hayakupulizwa na mashine, yamezaliwa ndani ya chupa. Anayejua munkoyo ameshaelewa nusu ya somo. Uji wa mahindi ukitiwa mzizi wa munkoyo hulainika na kuwa mtamu, kisha ukiachwa siku kadhaa huanza kuchachuka na kutoa gesi, na gesi hupanda juu ikapotea. Mtu wa Champagne ana gesi hiyohiyo, ila haiachi iende. Huchukua divai iliyokwisha chachuka mara ya kwanza, huitia ndani ya chupa pamoja na hamira na kama gramu 24 za sukari kwa lita, kisha huifunga. Hamira inakula sukari, gesi haina pa kutokea, inazama ndani ya divai.

Hapa pana jambo ambalo mnywaji wa bia atalifurahia. Katika kipindi hicho chote cha kulala pangoni, chupa nyingi za shampanye hazina kizibo cha gome la mti. Zimefungwa kwa kifuniko cha chuma chenye meno, kama cha Simba. Kizibo, waya na karatasi ya dhahabu ni mavazi ya siku ya kutoka nyumbani. Hamira ikishakufa, chupa huinamishwa na kuzungushwa kidogokidogo hadi uchafu wote ushukie shingoni. Shingo hugandishwa, kifuniko kinafunguliwa, donge linaruka nje, nafasi yake inajazwa divai yenye sukari kidogo, ndipo chupa inavishwa.

Na pana jambo la pili, linalomhusu mtu wa Lualaba zaidi ya Mfaransa anavyokubali. Mizabibu huugua ukungu, na dawa ambayo profesa Millardet wa Bordeaux aliitangaza mwaka 1885 ni sulfati ya shaba iliyochanganywa na chokaa. Mpaka leo mashamba ya zabibu ya Ulaya, hasa yanayojiita ya kilimo hai, hupuliziwa shaba, hata Umoja wa Ulaya umelazimika kuweka kikomo cha kilo 28 kwa hekta katika miaka 7. Bila shaba hakuna jani, bila jani hakuna zabibu. Mchimbaji wa Kolwezi anapoambiwa bei ya chupa, ana sababu ya kuuliza kama hastahili punguzo la mshirika.

Tuje kwenye kuonja. Vitabu hutaja hatua tatu: jicho, pua na mdomo. Uchunguzi wa Lualaba umeongeza ya nne, nayo hutangulia zote: kuhakikisha umeme haujakatika. Divai ya mapovu inataka digrii 8 hadi 10. Beseni lenye barafu na maji nusu kwa nusu litaifikisha huko haraka kuliko barafu isiyo na maji, kwa kuwa maji hugusa chupa pande zote. Friji ya juu inayogandisha nyama isitumike, labda kama mwenye nyumba anataka kuihamishia chupa yake jamii ya kwanza.

Kuhusu kumimina, wahudumu wa hoteli hufundishwa kumwaga katikati ya gilasi iliyosimama wima, kwa madaha. Watafiti wa Reims walilipima jambo hili na kutangaza matokeo mwaka 2010: ukiinamisha gilasi na kuimimina shampanye ubavuni, kama bia, gesi nyingi zaidi inabaki ndani. Kila mteja wa kila nganda kutoka Dilolo hadi Likasi amekuwa akifanya hivyo kwa Tembo tangu utoto wake wa unywaji, bila maabara na bila ruzuku.

Jicho linatafuta mapovu madogo yanayopanda kwa mstari. Mapovu hayo huanzia kwenye vinyuzi vidogo vya kitambaa au chembe za vumbi zilizoganda kwenye gilasi. Gilasi iliyo safi kupita kiasi haitoi mapovu mazuri. Katika mwezi wa saba, vumbi la barabara ya Dilolo huondoa wasiwasi huo kabisa. Adui halisi ni mafuta: rangi ya mdomo, vidole vilivyotoka kwenye kuku, sabuni ambayo haikusuuzwa. Povu hufa papo hapo.

Pua inatafuta limau, tufaha, na kwa chupa iliyolala sana pangoni, mkate unaotolewa tanuruni alfajiri. Harufu hiyo ya mkate ni ya hamira iliyokufa, na sheria inataka shampanye ya kawaida ikae miezi 15 kabla ya kuuzwa, yenye mwaka kwenye lebo miaka 3. Wapo waonjaji wanaodai kunusa jiwe. Mbele ya watu wa Kolwezi dai hilo lisitolewe kirahisi. Mchimbaji wa Kasulo anayetambua malakiti na heterojeniti kwa kuligeuza jiwe mara moja mkononi atauliza: jiwe gani hasa, na lina asilimia ngapi?

Sasa chakula, ambacho ndicho sababu ya makala haya. Vitabu vya Wafaransa vinaamuru chaza. Kutoka Dilolo hadi chaza wa karibu ni reli ya kilomita 1,344 kuvuka Angola nzima, na atakapofika Mutshatsha hatakuwa tena chakula cha binadamu. Wengi wameishia hapo, wakahitimisha kwamba chakula chetu hakiendani na kinywaji hiki, wakachukua bia. Walikosea kwa sababu hawakuuliza chaza ana nini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen walijibu mwaka 2020: shampanye iliyolala na hamira yake ina glutamati, chaza ana viini vingine vya ladha, na viwili hivyo vikikutana mdomoni, ule utamu wa mchuzi mzito huongezeka kupita jumla yao. Viini vya aina hiyo vimejaa pia ndani ya samaki mdogo aliyekaushwa. Wajapani hupikia supu yao dagaa wakavu kwa ajili hiyohiyo.

Ndakala, basi. Dagaa wakavu wa Tanganyika wanaopimwa kwa kopo sokoni, wakakaangwa kwenye mafuta mengi hadi wakavunjika kama biskuti, chumvi kidogo, limau juu. Weka mmoja mdomoni, utafune na kichwa chake, kunywa funda la brut baridi. Asidi ya divai inakata mafuta, mapovu yanasafisha ulimi, na ladha ya samaki inarudi mara ya pili ikiwa nene zaidi. Nimewaona watu walioukunjia uso ukavu wa brut wakimaliza sahani nzima na kuomba chupa iinamishwe tena. Ndakala ndiye chaza wa Lualaba, na anauzwa bila kuhitaji barafu.

Wanaofuata kwa mbali ni vinkubala. Viwavi waliokaushwa na kukaangwa wana mafuta, chumvi na harufu ya karanga, na crémant ya Loire huwakaribisha vizuri. Kikanda, ile keki nyekundu ya viazi vya okidi na unga wa karanga inayokatwa vipande sokoni, inataka divai isiyo na makali, tena isinywewe kwa wingi. Samaki wa Thomson wa kuchoma anafaa bila kitunguu kibichi. Sombe ni mtihani: ikiwa ya mawese mengi, divai inageuka maji. Bukari peke yake haisemi lolote na divai, na hiyo ni fadhila, kwa kuwa tonge kati ya mafunda mawili hurudisha ulimi mwanzo. Mikate, yale maandazi ya duara ya asubuhi, inaendana na demi-sec kuliko keki ya harusi inavyoendana nayo, maana keki huwa na sukari inayoifanya kila divai ionekane siki.

Michopo ya mbuzi ina shauri lake. Mtu wa Kolwezi hali mbuzi bila pilipili, na gesi ya mapovu huchoma mdomo kwa njia yake yenyewe, kwa hiyo brut juu ya pilipili ni moto juu ya moto. Sukari ndiyo inayotuliza. Hapa mjomba mwenye kofia anashinda kesi kwa mara ya pili: mezani kwake palikuwa na sahani ya mbuzi na pilipili ya kusaga, na kinywaji sahihi kilikuwa kitamu. Waliocheka walikuwa wanakula karanga.

Imebaki hoja ya usafiri. Chupa zetu nyingi huja kwa malori kutoka kusini, kupitia Kasumbalesa, zikichemka njiani. Reli ya Benguela, iliyounganishwa na ya Katanga mwaka 1931 hapo Dilolo, ndiyo njia fupi ya Atlantiki. Vita vya Angola viliifunga kuanzia 1975, ikafunguliwa upya hadi mpakani Luau mwaka 2015, na sasa upande wa Angola unaendeshwa na kampuni ya ubia kwa mkataba wa miaka 30. Mabehewa yanashuka na shaba. Yakipanda, yanaweza kubeba kitu cha maana zaidi ya hewa. Wenye maduka ya Dilolo waagize crémant, ambayo hutengenezwa kwa njia ya Champagne na kwa kawaida huuzwa kwa bei ya chini zaidi, waishushe usiku, waiweke kivulini.

Hukumu ni hii. Brut ni ya ndakala, demi-sec ni ya mbuzi mwenye pilipili. Anayetaka mlio peke yake anunue maji ya soda, hayaachi doa kwenye gauni. Nawe msomaji uliyealikwa arusi Kolwezi mwaka huu, pitia sokoni kwanza, ununue kopo moja la ndakala, umwombe mama wa jikoni akukaangie.